Wifi Yangu Pindo na Daktari wa Pili

Mtaa mzima unamwita Pindo, na hata mimi ninayeishi naye, siku karani wa hospitali aliponiuliza jina la mgonjwa, ilinibidi nisimame kidogo nikumbuke lile alilopewa na wazazi. Hilo la Pindo alipewa na wateja. Ukimletea sketi iliyoshonwa na fundi mwingine, kabla hajakuuliza shida yako ataigeuza ndani nje, atatazama pindo, atavuta uzi mmoja kwa ukucha, kisha atakuangalia kwa huruma kama mtu aliyefiwa. Halafu atakwambia urudi kesho. Ukirudi, sketi si ile uliyoileta. Keshaifumua yote akaishona upya, maana hawezi kuiona nguo mbaya akaiacha ilivyo. Wengine hushukuru. Mama mmoja aligomba, akasema yeye alileta zipu tu ibadilishwe. Pindo akamjibu kwamba zipu yenyewe ndiyo iliyoomba, ilikuwa inaona haya kukaa kwenye nguo ile.

Ni dada wa mwanaume aliyekuwa mume wangu. Nalisema mapema nilimalize, kwa sababu nikianza kumsema yule bwana sinyamazi. Alisema mke asiyejua kusoma anamwaibisha mbele ya wenzake wa kazini. Akaoa anayejua, na mimi nikaambiwa nifungashe. Nilimfulia tangu alipokuwa na mashati mawili, moja mwilini na moja kwenye kamba. Siku natoka, aliyekuja kunibebea begi alikuwa dada yake huyo huyo. Nikamwambia, wifi, acha tu, mimi na wewe sasa hatuna undugu. Akalinyanyua lile zito, mgongo wake siku hizo ulikuwa mzima, akasema:

"Aliyekuacha ni yeye. Mimi sijatoa talaka."

Ndivyo nilivyoingia kwenye duka lake la kushonea, na sijatoka. Ni chumba kimoja chembamba na kirefu, kulia kwetu kinyozi, kushoto mchonga funguo. Mbele iko cherehani yake, karibu na mwanga. Katikati iko meza ya kukatia, pana kama kitanda cha watu wawili. Nyuma kabisa iko pasi, na mimi. Napiga pasi, nashona vifungo, nakunja, na nawajibu wateja wanaodai nguo zao wakati hazijaguswa. Kazi yetu kubwa ni sare za shule. Kila muhula unapokaribia, chumba kinajaa kitambaa cha bluu hadi tunapitana kiubavu.

Mgongo ulianza kumsumbua taratibu. Kwanza alikuwa akisimama kutoka kwenye cherehani anashika kiuno, tunamtania kwamba amepata mimba ya uzeeni. Kisha mguu wa kushoto ukaacha kumsikia. Anaukanyagisha pedali, cherehani haiendi. Akawa anauburuta akitembea, kiatu cha upande huo kinaisha ncha. Hospitali wakasema pingili moja ya chini ya uti wa mgongo imeteleza mbele ya mwenzake na kubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Daktari aliyempasua ni mtu mpole mwenye haraka nyingi, wagonjwa wodini humwita Mzee Skrubu kwa sababu ya vyuma anavyovifunga. Alimfungia Pindo vyuma viwili na skrubu, akamwekea na mfupa wa kuzishikanisha zile pingili. Na mguu ukarudi. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli: mguu uliokuwa umekufa ulirudi, na Pindo akamshonea yule daktari shati lisilo na kasoro hata moja. Alitoka wodini pia na mkanda wa mgongo wa hospitali, mgumu, wenye vipande vya plastiki ndani, rangi yake kama saruji iliyolowa.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, maumivu yakaanza tena, si mguuni bali kiunoni penyewe, mazito, ya jioni. Akishona nusu siku anamaliza nusu ya pili amelala chali juu ya meza ya kukatia, mimi nampisha nguo pembeni. Akarudi kwa Mzee Skrubu. Wakapiga picha. Yule daktari akainyanyua kwenye mwanga, akamwonyesha skrubu ya chini kabisa iliyozungukwa na kijimstari cheusi, akasema imelegea. Akamweleza kwamba itabidi afunguliwe tena, vyuma vya zamani vitolewe, viwekwe vipya, virefu zaidi. Akampangia tarehe.

Pindo alirudi dukani siku hiyo akakaa kwenye kiti cha wateja, kitu asichokifanya kamwe. Nilimpa chai. Hakuinywa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kupasuliwa mara ya kwanza hakuogopa, kwa sababu mguu ulikuwa umekufa na alikuwa hana la kupoteza. Sasa mguu ni mzima. Daktari mwenyewe alimweleza bila kumficha kwamba kufungua mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza, kuna kovu ndani, na mishipa inakuwa imegandamana nalo.

"Nguo ukiifumua mara moja inashoneka," akasema. "Ukiifumua tena palepale, kitambaa kinabaki na matundu. Mimi nalijua hilo kwenye pamba, wifi. Kwenye mwili wangu sijui, na ndiyo maana naogopa."

Nikamwambia basi atafute daktari mwingine aangalie. Akanitazama kama niliyemwambia aibe. Mzee Skrubu alimrudishia mguu wake, anawezaje kwenda kumwonyesha mtu mwingine kazi yake ili aikosoe? Yeye mwenyewe mteja akipeleka nguo yake kwa fundi wa mtaa wa pili, hamsemeshi mwezi mzima. Akasema kwenda kwa daktari wa pili ni sawasawa na kumletea yule wa kwanza mke mwenza. Nikamjibu kwamba kuhusu wake wenza mimi ndiye mwenye uzoefu humu ndani, na anisikilize.

Hakunisikiliza. Alianza kujiandaa. Alikata sare za muhula mzima mapema ili nisihangaike akiwa wodini, akanionyesha nani ni mkorofi na nani huja na vipimo vya uongo. Alishona gauni jipya la kulalia, lenye bitana, kwa ajili ya hospitali. Nikawa namtazama akilitia pindo kwa mkono, polepole, na moyo wangu haukuwa mahali pake. Sikuwa na mtu mwingine. Hilo ndilo lililokuwa linanitisha, wala sitalipamba: akilemaa yeye, tumelemaa wawili.

Kilichobadilisha mambo ni kaka yake, na hata hivyo hakukusudia kutusaidia. Hospitali walimpigia simu kwa sababu yeye ndiye ndugu wa karibu anayetakiwa kuweka sahihi. Akaja dukani mchana, shati limenyooshwa na mtu asiyejua kunyoosha kola, niliona toka mlangoni. Pindo alikuwa amelala chali mezani. Mimi nilikuwa napiga pasi. Akatusalimia wote wawili kwa salamu moja, akakaa, nikamwekea chai.

Akaanza kusema kama mkubwa wa familia. Kwamba tarehe imeshapangwa na vitanda ni vya kugombania. Kwamba amesikia kuna maneno ya kutafuta daktari mwingine, sijui alisikia kwa nani, labda kwa kinyozi, ambaye ukuta wetu kwake ni kama sikio. Kwamba daktari ni daktari, na kuzungukazunguka ni kukosa adabu na kukosa shukrani. Pindo akawa anaitikia tu, ndiyo kaka, sawa kaka, macho yako kwenye dari. Angeishia hapo, upasuaji ungefanyika. Lakini akanigeukia mimi.

"Haya maneno anatiwa na mtu," akasema. "Mtu mwenyewe hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa hayasomi."

Niliiweka pasi juu ya kibao chake. Sikupandisha sauti.

"Wewe uliponichoka mimi ulikwenda kutafuta maoni ya mwingine," nikamwambia, "na hukumwomba mtu ruhusa. Mwache na mwenzio atafute ya mgongo wake."

Pindo alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na kwa vile alikuwa amelala chali kikamshika kiunoni, akawa analia kwa maumivu na anacheka palepale, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kupitia ukutani tukamsikia kinyozi naye. Bwana mkubwa akasimama, akasema tutakuja kumtafuta. Chai yake akaiacha. Niliinywa mimi.

Alipotulia, Pindo alifuta macho kwa kipande cha sare, akakaa mezani miguu inaning'inia, akaniuliza huyo daktari mwingine yuko wapi.

Tulimpata kupitia muuguzi tunayemshonea magauni ya kazini. Akatuambia habari za mama mmoja, daktari wa mifupa ya mgongo, katika hospitali nyingine, mji wa jirani. Ila daktari huyo akataka picha zote, za kabla na za baada ya upasuaji. Basi ikawa kazi. Picha ziko kwa Mzee Skrubu, na Pindo alikuwa tayari afe kuliko kumwambia anazitakia nini. Akamdanganya karani wa picha kwamba mjomba wake kijijini haamini kama kweli ana vyuma mgongoni na anataka kuviona kwa macho yake. Karani akampa bila hata kuinua kichwa. Tukatoka pale haraka kama wezi, bahasha kubwa ya kaki chini ya khanga yangu.

Daktari wa pili ni mama mtu mzima, mnene kiasi, miwani ameipandisha kwenye nywele na anaitafuta mezani. Anaongea taratibu, anapima kila neno kama mtu aliyebakiwa na kitambaa cha gauni moja tu. Aliniuliza mimi ni nani. Nikasema wifi yake. Akasema nikae, masikio mawili hayatoshi siku kama hii. Nikampenda hapohapo.

Aliziangalia picha muda mrefu. Akampeleka Pindo kwenye ile mashine ya duara inayopiga picha za ndani zaidi, tukasubiri kwenye benchi hadi nikamaliza kushona vifungo vya mashati niliyokuja nayo kwenye mfuko. Tulipoitwa tena, hakuanza kwa picha. Alimwomba Pindo atembee hadi mlangoni na kurudi. Asimame kwa vidole, kisha kwa visigino. Miguu yote ilimtii. Halafu akasema:

"Vua viatu, mama, uvivae tena. Wewe mwenyewe, wifi asikusaidie."

Jambo dogo hivyo. Pindo alijaribu kuinama na hakuinama. Alikwenda chini kama mlango, mzima mzima, akaishia njiani. Akajaribu kuuleta mguu juu, kiuno hakikukunjika. Kitu kikamlia ndani ya nguo, krak, kama kitana kinachovunjika. Daktari akashusha miwani kutoka kwenye nywele.

"Umevaa nini ndani?"

"Fulana tu, daktari."

"Hebu niione hiyo fulana."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu mimi nilijua habari yake na sikuwahi kuifikiria. Ule mkanda wa hospitali, rangi ya saruji, Pindo aliuvaa siku tatu tu baada ya kutoka wodini. Ulimkera. Mishono ilikuwa imepinda, ukingo ulikuwa unamkwaruza, na ulitokeza chini ya gauni kama amebeba sanduku. Kwa hiyo aliufanyia alichoifanyia kila nguo. Akaufumua, akachukua vipimo vyake kipande kwa kipande, akashona mwingine wa umbo la fulana kwa pamba nzito, ukaufuata mwili wake kila mahali, ndani una bitana laini, vile vipande vya plastiki amevifichia kwenye vifuko vyembamba, mbele kulabu zilizopangwa kama meno. Ulikuwa mzuri. Akajishonea mwingine mweupe wa kubadilisha, na mweusi wa kutokea, wenye lasi kidogo juu. Baada ya miezi kadhaa Mzee Skrubu alimwambia sasa vua mkanda, usiuvae tena. Pindo akaenda nyumbani, akayachukua mabaki ya lile dude la saruji, akayatupa jalalani. Na fulana zake akaendelea kuzivaa. Asubuhi hadi jioni, kila siku, karibu miaka miwili. Kila alipokwenda hospitali alizivua nyuma ya pazia pamoja na nguo nyingine, akazikunja, akavaa gauni la kupigia picha. Hakuna aliyemwona nazo.

Daktari aliipokea ile nyeusi, akaigeuza, akapapasa plastiki kwa kidole gumba. Pindo kwa mazoea akamwomba radhi kwa mshono wa kwapani, akasema siku hiyo taa ilikuwa hafifu.

"Ni kazi nzuri sana," daktari akasema. "Na ndiyo inayokuumiza."

Kisha akatueleza, na alirudia pale tulipokwama. Kwenye picha ya ile mashine, zile pingili mbili zilikuwa zimeota zikashikana, mfupa mmoja. Kazi ya Mzee Skrubu ilikuwa imefaulu, alilisema hilo waziwazi, na niliona mabega ya Pindo yakishuka kwa nafuu. Skrubu moja kweli ililegea kidogo. Lakini skrubu huwekwa ili zishikilie mpaka mfupa uote, na ukishaota, moja kulegea kidogo mara nyingi si jambo la kukimbilia kisu. Ilikuwa haijagusa mshipa. Maumivu ya jioni, kwa maoni yake, yalikuwa ya nyama za mgongo. Nyama hizo kwa miaka miwili hazikuwa na kazi, fulana ilifanya kwa niaba yao, zikalala na kunywea. Akatuonyesha kwenye picha: kando ya mfupa, mahali penye nyama, palikuwa pembamba na pamefifia.

"Sikuambii hutapasuliwa maisha," akasema. "Nakuambia si sasa. Vua hii, taratibu, saa chache kila siku mpaka uizoee hali ya kutokuwa nayo. Fanya mazoezi nitakayokupa. Baada ya miezi sita tupige picha tena. Lakini mguu ukianza kulegea, au haja ndogo ikakukatalia, au ganzi ikaingia sehemu za siri, usisubiri miezi wala siku. Njoo mbio, kwangu au kwa yule wa kwanza."

Pindo akauliza, na aibu imemjaa, kama ni lazima yule wa kwanza ajue. Daktari akasema ni lazima, na kwamba atampigia simu yeye mwenyewe. Walisoma pamoja. Ndiyo kwanza tukajua.

Njiani Pindo aliipakata tu ile bahasha ya picha. Mimi nilikuwa na furaha ya kutosha watu wawili, nikawa natazama nje na kujizuia nisiimbe. Tulipokaribia nyumbani akaniambia yuko jambo jingine. Amewashonea watu fulana hizo.

Nilikuwa nimesahau. Alimshonea muuza unga wa pale kona, mwanamke anayebeba magunia. Akamshonea mama wa mboga, na mke wa mchonga funguo, na wengine wa safu ya nyuma, kila aliyelalamika kiuno. Ikabidi azunguke mtaani kuwaambia. Alikwenda mmoja mmoja, anaelekeza kwamba hiyo ivaliwe ukinyanyua mzigo tu, kisha ivuliwe, na aliye na maumivu ya siku nyingi aende hospitali asimtegemee yeye. Wengi walielewa. Muuza unga alikataa katakata kuivua. Akasema habari za nyama kulala hazijui, anachojua ni kwamba tangu aanze kuivaa mumewe anarudi nyumbani mapema. Pindo akarudi dukani ameshindwa, na mimi nikamwambia huyo muuza unga haumwi mgongo, ana lake.

Siku ya kwenda kwa Mzee Skrubu aliniomba niende naye, nikaenda. Alikuwa ameshapigiwa simu. Alikuwa amekaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na picha zile mpya, alizotumiwa na mwenzake, zilikuwa kwenye mwanga nyuma yake. Pindo akaanza kumwomba msamaha, akachanganya habari za mjomba wa kijijini na za shukrani na za mke mwenza, hata mimi sikuelewa. Daktari alimwacha amalize.

"Ungeniuliza ningekupa jina lake mwenyewe," akasema. "Hata mimi nikiwa na kesi ngumu namwonyesha yeye. Sasa niambie hili. Nilikuambia uvue mkanda. Ukaniambia umeutupa."

"Niliutupa kweli, daktari."

"Na hii?"

Fulana nyeusi ilikuwa kwenye mfuko wangu, lasi imechungulia nje.

"Hiyo si mkanda. Hiyo nimeshona mwenyewe."

Mzee Skrubu akafunika uso kwa mikono. Nilidhani amekasirika. Mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Kisha akasema kosa ni lake pia, kwa sababu alimuuliza habari za mkanda na hakumuuliza amevaa nini, na toka leo atawauliza wagonjwa wote. Hakukubaliana na mwenzake kwa kila kitu. Yeye aliona ile skrubu ipo siku itabidi itolewe, na akasema hivyo bila kuficha. Lakini kuitoa skrubu moja kwenye mfupa ulioshikana ni kazi ndogo, si ile kubwa aliyoipanga, na inaweza kungoja. Akampigia mtu simu mbele yetu, akaifuta tarehe.

Mazoezi nayo yalikuwa vita. Wiki za mwanzo Pindo alilia, na hakulia wakati wa kupasuliwa. Alisema mgongo bila fulana ni kama kwenda sokoni bila nguo, anahisi atavunjika katikati. Ilimbidi ashone kwa vipande vifupi na kupumzika, na mimi nikajifunza kukaa kwenye cherehani yake kwa mishono iliyonyooka. Ananisimamia. Ameshafumua kazi yangu mara nyingi kuliko ya fundi yeyote katika mji huu, na hanionei huruma hata kidogo. Anafanya mazoezi kwenye meza ya kukatia, kwa sababu nyumbani kitanda ni laini mno. Wateja wakaona ajabu mwanzoni. Sasa wamezoea, na mama wa mboga akija huchukua upande wa pili wa meza, wananyanyua miguu pamoja huku wanasengenya.

Picha ya miezi sita ilipigwa wiki iliyopita. Skrubu iko palepale, haijasogea hata unywele. Nyama kando ya mfupa zimeanza kujaa; yule mama daktari alituonyesha kwa kalamu, na hata mimi niliona. Maumivu hayajaisha. Yapo jioni za kazi nyingi, anayataja na kuyapuuza, kama jirani mwenye redio kubwa. Lakini anashona siku nzima, na siku ya juzi alibeba mwenyewe robota la kitambaa kutoka mlangoni, nikamgombeza mpaka akaliweka. Mama daktari amesema turudi mwakani. Habari za kisu hakuzigusa, na hatukumkumbusha.

Jana kaka yake alipiga simu kuuliza. Pindo alikuwa mezani, akanipa simu mimi, akasema mwambie wewe. Nikamwambia hapasuliwi. Kisha akasema yeye alijua toka mwanzo kwamba haikuwa na haja, na ndiyo maana alikuja siku ile kutushauri.

Zamani ningemjibu, na angejutia kupiga. Nilikuwa na jibu, tena zuri, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini mlangoni alisimama baba mmoja na watoto wake wawili, wamekuja kupimwa sare, anauliza fundi yuko wapi. Nikaikata simu. Nikamwonyesha baba wa watu fundi aliyelala juu ya meza, nikamwambia asubiri kidogo, kamaliza mguu wa kulia, sasa ananyanyua wa kushoto.